Kilichomo Damuni mwa Klara

Bweni la wasichana, Dodoma
12 Novemba 2023

Kaka Deusdedit,

Shikamoo. Mimi huku mhola, mzima tu, sijui wewe na hayo mawe yako. Nakuandikia karatasi kama watu wa zamani kwa sababu ukishashuka shimoni huko duarani simu yako haipatikani, na simu ya Baba unajua inavyosikilizwa: inawekwa spika, jirani anavuta kigoda. Ninachotaka kukuambia si cha vigoda. Nitampa kondakta wa basi la Mwanza barua hii aishushe Tinde, dukani kwa Mama Abdul, palepale ulipopandishia michembe yangu ya viazi. Michembe imeisha. Wasichana wa chumbani wameitafuna kama pipi, sasa wananiuliza Wasukuma tunakausha nini kingine.

Mwaka huu wa tatu ndio tumeingia jenetikia yenyewe, elimu ya urithi. Kwa nini mtoto anatoka na pua ya shangazi yake, kwa nini ng'ombe mwekundu anazaa ndama mweupe. Maabara tunafuga inzi. Usicheke. Ni wale wadogo wa ndizi mbivu, tunawatia kwenye chupa, wakizaliana tunawahesabu wenye macho mekundu na wenye macho meupe. Wewe unachimba dhahabu, mdogo wako anahesabu macho ya inzi, na Baba anawaambia watu kanisani kwamba nasomea udaktari.

Sasa nisikilize. Mwalimu wetu, Dkt. Edson, ametupa kazi kila mtu achore ukoo wake. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyekufa anakatwa mstari, mgonjwa anajazwa wino. Nikachora wa kwetu kwa kichwa, toka Bibi Mageni mpaka kwako. Nikachora watoto wako. Davis nikamkata mstari. Aneth nikamkata mstari. Nilipofika kwa Klara nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kupata hewa.

Kaka, ule ni ugonjwa mmoja kwa wote watatu. Vidole kuvimba wakiwa wachanga, macho kuwa ya njano, homa zisizoisha, mtoto kulia mifupa mpaka sauti inakauka. Sisi tulisema malaria, na baadaye tukaanza kunong'ona mengine. Unaitwa selimundu, hospitali wanasema sikoseli. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa. Kanda yetu ya ziwa umejaa tele.

Mpeleke Klara hospitali ya mkoa, Shinyanga. Usikubali kipimo cha malaria peke yake, taja sikoseli. Kama ndio wenyewe, kuna dawa na kuna namna ya kumtunza, na anaweza kukua akaolewa akakusumbua na wakwe. Tafadhali usingoje mvua zikatike.

Nisalimie Wifi Rebeka. Na Bibi mwambie namkumbuka mpaka naota anapepeta mpunga.

Mdogo wako,
Wema


Mwakitolyo
26 Novemba 2023

Wema mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinisubiri kwa Mama Abdul juma zima. Nimeisoma nimekaa juu ya pikipiki, nikaja kuisoma tena kambini, wenzangu wakaniuliza kama nimeachwa na mwanamke.

Kazi hakuna. Mvua imejaza maji duara letu, pampu inatapika tope kutwa, na mawe tuliyopeleka kwenye karasha mwezi uliopita yalisagwa yakatoka unga wa mawe. Lakini hayo si ya kukuchosha wewe. Klara leo hajambo. Nasema leo.

Hospitali sijampeleka. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nilipokuwa chini, Baba mdogo Donatus alimchukua Baba wakaenda kwa mganga mmoja upande wa Geita. Unamjua Donatus, si wa tumbo la Bibi Mageni, ni wa mke mwenzake, na hajawahi kusahau hilo. Walibeba kifaranga kilicholazwa na Klara usiku kucha. Mganga akakipasua, akakisoma mabawa na maini kama wewe unavyosoma hao inzi wako. Akasema ubaya haukutoka nje, umo humo bomani, kwa mwanamke mzee wa kuja, anayelala nyumba ya machweo. Sasa kwetu nyumba ya machweo analala nani? Na macho ya Bibi unayajua yalivyo mekundu kwa kupikia mavi ya ng'ombe miaka yote hiyo. Watu wanayatazama macho, moshi hawautazami.

Baba hajasema neno. Ni mama yake mzazi. Ila tangu siku ile hali chakula alichokishika Bibi, na Bibi ameona, naye ameacha kukileta. Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukueleza kwetu mwanamke mzee akishatajwa kinachofuata ni nini. Yule wa kijiji cha pili mwaka jana walimkuta asubuhi mlangoni kwake.

Mimi mwenyewe naamini nini, sijui. Nimezika wawili, Wema. Kuna siku niko chini na tochi kichwani najiuliza, na kama ni kweli? Halafu namkumbuka Bibi alivyotubeba mimi na wewe Mama alipofariki, naona aibu.

Ndiyo maana nakuomba kitu. Andika barua, isiwe kwangu, iwe kwa Baba na wazee. Kiswahili cha shule, na jina la chuo juu. Mimi Baba ananiona mpasua mawe tu, lakini ikifika karatasi yako anatafuta miwani. Waeleze ugonjwa umetoka wapi, waone haukutumwa na mtu. Nitawasomea mwenyewe kikaoni. Fanya haraka.

Kaka yako,
Deus


Chuo Kikuu, Dodoma
2 Desemba 2023

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Maduhu, na wazee wote wa boma,

Shikamoo Baba. Shikamooni wazee wangu. Natumaini mvua zimewafikia na majaruba yameshika maji.

Nimesikia kwamba mjukuu wenu Klara anaumwa na kwamba chanzo kinatafutwa. Mlinisomesha ili siku moja niwafae, na nadhani siku yenyewe ndiyo hii. Nawaomba mnivumilie nieleze taratibu.

Ugonjwa wa Klara hautumwi. Hakuna mtu anayeweza kuurusha, kuufukia mlangoni wala kuutia kwenye chakula. Mtoto anazaliwa nao. Kila mmoja wetu ana mbegu mbili za damu, moja kapewa na baba yake, moja kapewa na mama yake. Mwenye moja mbovu na moja nzima haumwi. Analima, anazaa, anazeeka, wala hajui kama anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, ndipo mtoto anaweza kupokea mbovu zote mbili. Kwa hiyo Kaka Deusdedit anayo moja, na Wifi Rebeka anayo moja, na hawakuitafuta.

Mtauliza Kaka aliipata wapi. Nimechora ukoo wetu wote. Upande wa marehemu Mama sina habari nyingi kwa kuwa ndugu zake wametawanyika Kahama na kwingineko. Lakini upande wa Baba jambo linaonekana wazi. Bibi Mageni alizaa saba, watatu wakafa wadogo kwa homa na maumivu. Dada yake aliyeko Geita naye alizika watoto hivyohivyo. Mbegu hii ilitoka kwa Bibi ikaja kwa Baba, kwa Baba ikaja kwa Kaka, na sasa imefika kwa Klara. Bibi mwenyewe hajui kama anayo. Naye alizaliwa nayo. Hata mimi mnayenisoma huenda ninayo. Ndiyo maana nawaambia kwa moyo wote kwamba Bibi hana kosa lolote, na asisumbuliwe.

Namwomba Baba aruhusu Klara apelekwe hospitali ya mkoa mapema iwezekanavyo.

Ni mimi mtoto wenu mtiifu,
Wema Maduhu
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Jenetikia


Kijijini
11 Desemba 2023

Wifi yangu Wema,

Bwana asifiwe. Wabeja sana, wifi, wabeja mno. Mkono wangu si wa kuandika, nimeishia kidato cha pili, lakini nimesema hili lazima nikushukuru mwenyewe.

Ulipokuwa huko hukujua niliyokuwa napitia. Toka Aneth afe walikuwa wananiita mwenye mkosi. Donatus alishasema mbele yangu nirudishwe kwetu, kaka yako atafutiwe mwingine ambaye tumbo lake halizai maiti. Nimelia mpaka nikazoea. Sasa barua yako imeniondolea mzigo, hata majirani wamekuja kuniamkia.

Kikao kilikuwa Alhamisi baada ya ibada ya jioni. Deus alisoma amesimama. Pale ulipoandika kwamba na mimi ninayo alipita haraka kama mtu anaruka dimbwi, nadhani wazee hawakushika, na mimi sikumkumbusha. Unisamehe, lakini ningefanyaje. Alipofika kwa Bibi, Donatus akamsimamisha, akasema soma hapo tena. Akasoma. Kwamba ilitoka kwa Bibi ikaja kwa Baba ikaja kwake ikafika kwa Klara. Akaambiwa soma tena. Halafu Donatus akasema, "Mtoto wetu amekaa chuo miaka mitatu kuja kutuambia alichosema kifaranga asubuhi moja." Wazee wakaitikia. Mmoja akasema hata yeye baba yake alimwambia hivyohivyo, kile kitu kinarithiwa kwenye damu, mama anampa mtoto, na mwenye nacho anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua, chenyewe kinatoka usiku kinafanya kazi yake. Deus alijaribu kusema barua imesema hana kosa. Wakamwambia nani amesema ana kosa, nyoka naye hana kosa, ndivyo alivyozaliwa.

Baba akavua miwani akainama. Kisha akasema, kama Wema ndiye ameandika, basi. Hilo tu.

Siku iliyofuata ukapigwa mwano wa kuita watu, vijana wa ulinzi wakakusanyika, Bibi akatengwa. Asipewe moto, asiteke maji kisimani na watu, asisalimiwe. Mimi namwonea huruma, wifi, sisemi uongo. Juzi alipita akaniangalia, nikageuza uso. Lakini nina mtoto mmoja aliyebaki.

Hospitali kwa sasa tumeacha kidogo. Chanzo kimeshajulikana, na Klara tangu juzi anakula. Mungu akubariki na masomo yako.

Wifi yako,
Rebeka, Mama Klara


Dodoma
14 Desemba 2023

Kaka,

Nimepokea barua ya Rebeka jana. Nimekupigia tangu jana hupatikani. Baba nimempigia, akapokea, akanisikiliza nikilia, akakata. Nampa kondakta hii na nimemwomba Mama Abdul akutafute popote ulipo.

Mtoe Bibi pale. Usiombe ruhusa ya mtu. Mpakie kwenye pikipiki umpeleke Tinde kwa Mama Abdul, nimeshaongea naye, ana stoo nyuma ya duka. Kisha mchukue Klara umpeleke Shinyanga, hata kama Rebeka atagoma.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ya kumsomea Baba. Nimemwandikia kwamba nimefeli. Nimemwambia mwalimu amenipa sifuri kwa ule mchoro, kwamba nilichanganya, kwamba mbegu haikutoka kwa Bibi hata kidogo, ilitoka upande wa Mama. Ni uongo, Kaka. Mwalimu alinipa kumi na saba kati ya ishirini. Ila aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nani kati yao amepimwa?" na kazi yenyewe ilirudishwa kwangu wakati barua ya wazee ilishafika Tinde. Nimemsingizia Mama kwa sababu Mama yuko kaburini, hakuna wa kumfuata huko na panga. Atanisamehe.

Wasomee kwa sauti. Waambie Wema hajui kitu, ni mjinga, aliandika kujionyesha. Sema lolote. Nina mitihani ya majaribio mpaka Jumatano, nikiikosa narudia mwaka. Jumatano jioni napanda basi.

Wema


Mwakitolyo
23 Desemba 2023

Wema,

Usije. Nasikia ulikata tiketi ukairudisha baada ya kuongea na Mama Abdul. Ulifanya vizuri, na ubaki hivyohivyo. Krismasi kula hukohuko chuoni na wenzako.

Bibi nilimtoa. Yuko kwao Geita, kwa dada yake, amefika salama na anakusalimia. Usimpigie mtu kumuulizia, kule hawana simu ya maana.

Barua yako ya pili niliisoma. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema ile ya kwanza uliandika akili yako imetulia, hii ya pili kuna aliyekuingilia. Donatus naye akawakumbusha pale kwenye ile ya kwanza uliposema huenda hata wewe unayo. Kwa hiyo wanasema unamtetea mwenzako. Sasa unaelewa kwa nini nakwambia usije. Siyo kwa Krismasi hii tu. Mpaka nikuambie.

Soma. Faulu. Ukishamaliza tafuta kazi hukohuko mbali.

Kaka yako,
Deus


Tinde
2 Januari 2024

Mwanangu Wema,

Assalamu alaikum. Najua wewe ni Mkristo, lakini amani ni amani, nakutakia. Kaka yako ameniomba nisikwambie kitu mpaka umalize masomo ya muhula huu. Nimekaa na jambo hili siku hizi zote nimeshindwa. Nimefiwa, najua mtu akifichwa msiba anakuja kuulilia peke yake mahali pabaya. Kaa chini, mwanangu.

Bibi yako hayuko Geita. Amefariki, na hakufa kifo cha Mungu.

Kaka yako alimleta kwangu usiku ule alipopata barua yako. Nikamtandikia stoo, kati ya mabunda ya vitenge. Alikuwa mtulivu, ananisaidia kuchambua choroko. Siku ya pili akanitolea ile barua yako ya kwanza, ameikunja ndani ya kanga. Alimnyang'anya Deus, anasema inamhusu yeye na hakuna aliyemsomea. Kiswahili chake unakijua, na mimi Kisukuma nimekizoea hapa dukani, basi nikamsomea namfasiria. Nilifika pale pa mbegu kutoka kwake nikataka kuruka. Akanishika mkono, akasema nisome yote.

Nilipomaliza akaikunja tena barua ndani ya kanga. Nikamwambia, Bibi, mtoto amesema huna kosa. Akanijibu, nakuandikia kama alivyosema: "Wema hajawahi kunidanganya tangu aanze kusema. Kama amesema ninayo na mimi sijui, basi ninayo. Wale ni vitukuu wangu nimewaua."

Nilibishana naye, wallahi nilibishana. Nikamwambia haya ni mambo ya damu, ya hospitali, si hayo unayodhani. Akasema hata mama yake alikuwa akisema ni ya damu. Asubuhi niliingia ndani kuswali, kutoka nikakuta mkeka umekunjwa. Aliondoka kwa miguu.

Waliokuwepo wanasema alifika bomani mchana kweupe, akaenda moja kwa moja alikokaa Rebeka na mtoto. Akaomba maji kwenye kibuyu. Akayaweka mdomoni akamtemea Klara kifuani, kama wazee wenu wanavyofanya wakimwachilia mtu, akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba alikuwa hajui, na kama ni yeye basi anamwachilia mtoto apone. Kisha akaingia nyumbani kwake akakaa. Hakutaka kukimbia. Usiku huo wakaja watu. Tunaambiwa hawajulikani, na mimi siwajui, lakini mbwa wa boma hawakubweka. Baba yako alikuwa ndani kwake.

Deus alikuwa njiani anamtafuta hapa kwangu. Walimzika kesho yake, kanisa halikuja.

Siku ile uliponipigia ukiwa stendi na tiketi mkononi, nikakwambia usije, nilikuwa nimeshajua. Nisamehe. Niliogopa kwa ajili yako.

Mama yako wa Tinde,
Raudha, Mama Abdul


Shinyanga
11 Februari 2024

Wema,

Barua zako tatu nimezipata zote. Nilikudanganya kuhusu Geita, na ningekudanganya tena. Polisi walichukua vijana wanne, watatu wamesharudi. Donatus amehamia Kahama, anauza mchele.

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la hospitali ya mkoa. Klara alizidiwa mwezi wa kwanza. Yale maji ya Bibi hayakumponya, na Rebeka mwenyewe ndiye aliyesema tumlete. Walimpima. Ni sikoseli, kama ulivyosema tangu mwanzo. Ameongezewa damu, ameanza dawa, leo ameomba soda. Wakatupima na sisi. Rebeka anayo moja, mimi ninayo moja. Rebeka alipoambiwa alikaa chini sakafuni, hakulia, akawa anafuta sakafu kwa kiganja.

Baba alikuja na sisi. Tulipopimwa akasema na yeye apimwe. Nilidhani ni mapenzi kwa mjukuu. Kumbe alitaka aione kwa macho yake ile ambayo mama yake alimwachia. Alimwambia mtaalamu wa maabara maneno hayohayo, bila aibu, huku ananyoosha mkono.

Baba hana, Wema. Zote mbili ni nzima. Akasema warudie, wamekosea jina. Wakarudia juma lililofuata kwa damu nyingine. Hana. Mtaalamu akanieleza pembeni kwamba kama Baba hana, basi mimi nimeipata kwa Mama, hakuna njia nyingine. Ule uongo ulioandika kumsingizia Mama ndio uliokuwa kweli. Nimecheka pale maabara, watu wakanishangaa.

Sasa sikiliza Baba alivyonituma, nami nakuandikia kama alivyosema, mimi mwenyewe sina ushauri. Tangu majibu ya pili hali chakula. Amehamia nyumba ya machweo, analala palepale chini. Anasema uandike barua nyingine, yenye jina la chuo juu, kama ile. Iseme mashine za hospitali hukosea. Iseme Bibi alikuwa nayo. Anasema akiipata hiyo atakula, na wewe unaweza kurudi nyumbani, atawaambia wazee yeye mwenyewe.

Nimwambie nini?

Deus


Chuo Kikuu, Dodoma
18 Februari 2024

Baba,

Shikamoo.

Kaka amenifikishia ulilosema. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, hii ndiyo ninayokutumia. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Mashine haikukosea. Nilikosea mimi. Niliujua upande mmoja tu wa ukoo wetu, nikaukuta ugonjwa upande niliokuwa naujua. Wale watoto watatu wa Bibi waliokufa, sijui walikufa na nini. Huenda surua, huenda malaria, hakuna aliyewapima. Kwetu sisi mbegu ilitoka kwa Mama, naye alikufa hajui. Nililiandika jambo nisilolijua kwa maneno ya mtu anayelijua, na Bibi akaniamini kuliko ninyi nyote.

Unataka niandike kwamba alikuwa nayo ili upate kula. Nakupenda Baba, na naogopa utakufa, lakini siandiki. Nyumbani sirudi kwa karatasi ya namna hiyo. Klara ana kliniki yake, umhimize Kaka asikose hata mara moja.

Mama yako hakukupa chochote kibaya.

Mwanao,
Wema